Friji ni Friji

Rukia mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi ulipopita dukani, sizirudii. Wewe mwenyewe husema baba yako husalimia mara mbili ili asifike haraka kwenye jambo. Leo nataka kufika. Ni alasiri, bucha haina mtu, nimekaa nyuma ya mzani na daftari nililonunua duka la jirani. Kesho unakwenda Embu kuanza kozi yako ya umeme, na kuna neno sijakuambia kwa miaka mitatu.

Mama yako ameshamaliza mambo ya sufuria, blanketi na soksi, na kwamba usikubali chumba chenye dirisha lisilofunga. Nyanya yako, Cucu wa Kanja, naye amepiga simu mara tatu kusema ndizi ziko na anataka kukuona kila wikendi. Sina la kuongeza huko. Wala sitakufundisha sindano. Umejidunga tangu una miaka tisa, na mimi ninayepasua ng'ombe mzima kwa shoka mpaka leo nikiona ile sindano yako natazama ukutani.

Nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita tulipotoka kliniki ya watu wazima, pale kwenye geti, ulisema: "Baba, mimi pale sirudi. Na Embu pia siendi kliniki yoyote. Nitakuwa nanunua dawa kwa chemist, nijipange." Ulisema polepole, bila hasira. Ungepiga kelele ningejua ni hasira za siku moja, kama zangu. Lakini wewe ukisema jambo polepole umeshaamua, na hilo ndilo linalonitisha. Sukari yako si ile ya wazee ya kupunguza chai tamu ikatulia. Ukikosa insulini inayofaa siku chache tu unalala chini, hilo tumeliona sote. Sister Karimi, nesi wako wa kliniki ya watoto, alituambia wazi kwamba vijana wengi aliowapoteza hawakupotea wakiwa watoto kwake. Walipotea hapo katikati, katika kuhama, walipotoka mlango mmoja na mwingine wasiingie.

Sasa nataka tuseme ukweli kuhusu siku ile, maana tulirudi nyumbani tukinuna kila mtu upande wake.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili, wewe kati ya wazee wenye mikongojo. Yule mama wa kushika faili akakuuliza, "Umemchukulia nyanya yako dawa?" Ukasema ni zako. Akacheka, akadhani ni utani. Tulipoingia, daktari akasoma barua ya kuhamishwa, akasoma tena, akavua miwani. Akakuuliza unadunga mara ngapi kwa siku. Nikajibu mimi. Akauliza sukari ya asubuhi huwa ngapi. Nikajibu mimi. Akanigeukia: "Mzee, kwani mgonjwa ni wewe?" Damu ikanipanda, nikamwambia mimi ndiye baba. Akasema, "Hapa si kwa watoto. Na wewe msichana, nimeona hapa unaruka sindano na unadanganya. Ukiruka hapa, ni shauri yako."

Tukaondoka. Njia nzima nilikuwa natukana hospitali, natukana benchi, natukana serikali, na nilikuwa na haki ya nusu ya matusi yale. Miaka kumi mtoto analelewa kwenye chumba kilichochorwa twiga ukutani, anakalia viti vidogo mpaka magoti yanamfika kidevuni, halafu siku moja anaambiwa umri umepita, chukua barua, nenda jengo lile. Hata ndama haachishwi ziwa hivyo. Bado naona ni upuuzi na nitasema ni upuuzi mbele ya yeyote.

Lakini ile nusu nyingine ya matusi ilikuwa yangu mwenyewe, nikaitupia hospitali.

Nianze na Sister Karimi, maana yeye ndiye niliyemkosea wa pili baada yako. Yule mama ni Mkristo wa kutoka Kiirua, lakini kila mwezi mtukufu ukikaribia ndiye aliyekuwa wa kwanza kukuuliza unafikiria nini kuhusu kufunga, akakaa na wewe na daftari lako akupigie hesabu ya sindano na daku, badala ya kukukataza tu kama wengine. Ulipofika miaka kumi na saba akaanza vitu vyake. Akasema daftari ubebe wewe, nisibebe mimi. Akasema tarehe ya kliniki upige simu mwenyewe. Halafu siku moja akaniambia, "Baba Rukia, nipishe kidogo. Nataka kuongea na yeye dakika kumi, sisi wawili tu."

Unakumbuka nilivyofanya. Nilisimama pale mlangoni kama mlinzi. Nikasema mtoto wangu hana siri na mimi. Akasema, "Si siri. Ni mazoezi. Kule anaenda hakuna mtu atamuuliza baba." Nikatoka, lakini nikakaa karibu na dirisha, na nyumbani nikakuhoji ulichoulizwa neno kwa neno kama askari. Nilimwambia mama yako kwamba yule nesi anataka kunipokonya mtoto.

Aliwaomba wakubwa wake siku moja tu kwa mwezi, daktari wa watu wazima aje akae naye chumba cha twiga, mjuane kabla hujahama. Wakamwambia hakuna nafasi. Akaomba tena, wakamwambia hakuna muda. Mwishowe akatumia muda wake mwenyewe wa chai kukutembeza jengo lile. Akakuonyesha mahali pa kuchukua namba, dirisha la dawa, mpaka choo. Na mimi nikacheka hapa bucha na wateja, nikasema, "Siku hizi nesi anafundisha watu choo kiko wapi." Watu wakacheka sana. Kicheko kile nakikumbuka leo na naona aibu.

Ukaniuliza siku ile, kwa nini unamchukia Sister? Nikasema simchukii. Kweli, sikumchukia. Nilikuwa naogopa swali moja, na nilijua siku nitakapotoka chumbani, swali lile utaulizwa wewe.

Kisa chenyewe nakwambia sasa, usiache kusoma.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Transfoma ya mtaa ililipuka, Majengo nzima giza siku mbili, ila hapa barabarani stima ilikuwepo. Mama yako akanipa chupa yako ya insulini na ile ya akiba, akasema kaziweke friji ya bucha zisiharibike. Ilikuwa siku tatu kabla ya Idi. Friji ya soda ilikuwa imejaa oda za watu mpaka mlango haufungi. Basi nikazifunga kwa karatasi, nikaziweka kwenye ile friji ya kulala ya kugandisha nyama, juu ya matumbo.

Unajua kwetu tunavyosema. Ya soda ni friji, ya kulala ni friji, yote friji. Niliambiwa friji, nikaweka friji, na nikajisikia baba mwenye akili.

Stima iliporudi nyumbani nilikwenda kuzitoa. Zilikuwa barafu. Nikaziweka hapa juu ya kaunta kwenye jua, zikayeyuka. Nikatikisa moja, nikaiangalia, ilikuwa safi kama maji. Nikawaza kama muuza nyama, kwamba nyama ikiganda ikayeyuka bado ni nyama. Nikampa mama yako, sikumwambia kitu. Wakati ule, Rukia, naapa sikujua.

Ukajidunga maji matupu siku tisa. Sukari ikapanda, ukaongeza dozi kama ulivyofundishwa, ikapanda. Ukaanza kunywa maji usiku na mchana, ukatapika, pumzi ikawa ya haraka yenye harufu ya tunda lililooza. Tukakukimbiza hospitali. Na pale mapokezi yule daktari kijana akakuuliza, "Unadunga kweli?" Ukasema, "Nadunga." Akatabasamu, akasema, "Wa umri huu wote husema hivyo."

Na mimi nikafanya nini? Nikakugeukia mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi na watoto wao, nikapaza sauti: "Rukia! Sema ukweli! Usiniaibishe mbele ya daktari!"

Uliniangalia. Hukuwa na nguvu ya kulia. Ukarudia, "Nadunga, Baba."

Halafu Sister Karimi akaja na swali lake. "Dawa huwa inakaa wapi nyumbani?" Nilikuona ukifungua mdomo. Nadhani ulitaka kusema habari ya stima kupotea. Nikakuwahi, nikiona haya kusema ililala bucha. "Kwa friji, Sister."

"Saa zote?"

"Saa zote."

Akaandika. Hapo ndipo nilipokufungia mlango. Ikiwa dawa ilikuwa salama, basi mwenye kosa amebaki mmoja tu kitandani.

Siku ya tatu ukiwa wadi nilikuja na chupa ya uji, nikamkuta Sister anawafundisha akina mama. Anasema, "Ikiganda hata mara moja, tupa. Hata ikiyeyuka ukaiona safi, hiyo imekufa. Usimdunge mtoto." Nilisimama pale mlangoni mpaka uji ukapoa. Kisha nikarudi nyumbani, nikachukua zile chupa mbili, nikazitupa kwenye shimo la mifupa nyuma ya bucha. Mama yako nikamwambia hospitali imesema tuanze na chupa mpya. Sukari yako ikashuka. Kila mtu akasema, "Si mnaona, sasa anadunga." Nikaitikia. Rukia, niliitikia kwa kichwa, na wewe ukiwa umelala pale unasikia.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza mwenyewe na majibu yote ni mabaya. Niliogopa mama yako. Niliogopa mtaa kusema muuza nyama gani huyu asiyejua baridi. Nilijiambia mtoto amepona, ya nini kufukua. Nikasema nitakwambia ukirudi shule, nikasema nitakwambia ukimaliza mitihani. Wazee husema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilidhani ni maneno ya watu wenye maradhi. Tangu siku ile nilijibu kila swali lako kliniki kwa sababu sikutaka mtu akuulize tena dawa ilikaa wapi. Wewe uliona baba anayekupenda sana. Nilikupenda, lakini nilikuwa pia nalinda mlango.

Na ile kauli ya daktari kijana ikabaki kwenye faili. Barua ya kuhamishwa ilipoandikwa, Sister alikuwa likizo, aliyeiandika hakuwahi kukuona. Alifungua faili akanakili. Uliisoma mezani tukila, ukaitafsiri polepole kutoka Kizungu: "Mgonjwa huruka sindano. Maelezo yake yachukuliwe kwa tahadhari." Ukainua macho ukaniuliza, "Baba, huyu ni mimi?"

Nikainuka nikaenda kunoa kisu. Hakukuwa na kitu cha kukata.

Kwa hiyo yule daktari wa watu wazima usimbebeshe yote. Ulimi wake ni mbaya, nami nilitaka kumrushia kiti, lakini alisoma karatasi akaamini. Karatasi ile niliisaidia kuandikwa. Unapokataa kliniki ya Embu unakataa mahali ambapo unadhani hawatakuamini kamwe. Sikulaumu. Mimi mwenyewe ningekataa.

Jumanne nilikwenda kwa Sister Karimi. Sikukuaga. Nikangoja mpaka watoto wakaisha, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti kidogo maana hakuna kingine.

"Sister, ile dawa iliganda."

"Dawa gani?"

"Ule mwaka alilazwa. Niliweka kwa friji ya matumbo."

Akaweka kalamu chini. "Kai! Baba Rukia. Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Na mimi kila kliniki namwambia huyo mwari, niambie tu ukweli, sitakukasirikia. Na yeye ananiambia ukweli. Na mimi namwambia niambie ukweli!" Macho yake yalijaa machozi, lakini yalikuwa ya hasira. "Unajua vile nilikuwa nashangaa? Mtoto anajua kila kitu, daftari iko sawa, kila namba iko. Nikasema labda anaandika za uongo. Mimi, Baba Rukia. Mimi nilifikiria hivyo juu ya huyu mtoto."

Nikamwambia ana haki. Kisha nikafanya kosa langu lilelile la siku zote. Nikasema, "Basi andika barua ingine, Sister, nimpelekee."

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Juu Rukia ni mtu mzima. Faili ni yake. Siwezi kaa hapa na wewe tukipanga maneno yake kama watu wananunua ng'ombe. Enda umwambie. Yote, hata hiyo ya kumpigia kelele mbele ya watu. Halafu yeye akitaka niandike, aje aniambie mwenyewe. Asipotaka, hiyo pia ni yake."

Nilitoka nimevimba. Njia nzima namjibu peke yangu. Nimekuja kukiri, nimejishusha, na bado nesi ananifundisha! Nilifika hapa nikamkatia mteja mbavu badala ya paja, tukagombana. Mpaka jioni ndipo nikaelewa kwamba nilikwenda kwake kwanza kwa sababu ni rahisi kuliko kuja kwako. Nilitaka nirudi na barua mpya mkononi, nikupe kama zawadi, usiulize sana. Yule mama aliliona hilo kabla yangu.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alitaka maini ya robo na habari za mtaa mzima.

Sina busara nyingi ya kukufungia. Ninayojua ni haya machache. Ukikosea kuhusu mwili wako utakosea, sote tunakosea, lakini useme siku hiyohiyo kosa likiwa bado dogo. Mimi nilingoja likawa kubwa kuliko mdomo wangu. Na ukienda mbele ya daktari, akiwa mpole au akiwa na ulimi kama wa yule, mwambie vitu kwa majina yake. Usiseme friji. Sema ni ipi, na ndani yake umeweka wapi. Nakwambia hili kwa sababu lilikuweka wewe kitandani, si kwa sababu mimi ni mwalimu.

Na usiache kuwa na mtu kliniki kwa sababu yangu. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi. Usinikasirikie kwa kujinyima daktari, maana hapo nitakuwa nimekudunga maji mara ya pili. Naogopa hilo kuliko kitu chochote duniani, naandika hivi nimeinamia daftari, mteja mwingine anakuja na sitaki anione.

Sister ameshampigia nesi mwenzake wa kliniki ya Embu. Amemwambia tu kwamba kuna msichana anaitwa Rukia anakuja Jumatano ijayo na anajua sukari yake kuliko wengi. Habari ya faili hajaigusa, anakungoja wewe. Kesho yuko mezani kwake kuanzia saa mbili, gari lako la Embu ni saa nne. Sitakupeleka kwake, na ukirudi sitakuuliza mlisema nini. Mama yako hajui lolote. Nitamwambia mwenyewe leo tukimaliza kula, kwa hiyo ukisikia sauti zimepanda usitoke kuja kunitetea.

Barua hii nakupa mkononi kabla ya Magharibi, uisome chumbani kwako. Kama hutaki kuongea nami kesho, sitakulazimisha. Nitabeba sanduku lako mpaka stendi na nitanyamaza, ingawa wajua kunyamaza kwangu ni kazi.

Lakini ukiamua kwenda kwa Sister, na akakuuliza aandike nini, usinistahi. Kosa hili usilipe jina la bahati mbaya wala la stima. Mwambie aandike kwamba dawa iligandishwa na baba wa mgonjwa, na kwamba baba alijua, akanyamaza. Na ukiona ni vigumu kumtaja baba yako vibaya mbele ya watu, kumbuka kwamba mimi sikuona vigumu kukutaja wewe.

Baba yako,
Hamisi